Ratiba ya majaribio ieleze hali ya mtambo: maneno kwa wahandisi wanaoanza

Nimepitia ratiba kadhaa za kazi za kabla ya kuwasha mtambo zilizoandaliwa na wahandisi wahitimu walio katika mafunzo ya vitendo hapa Dodoma na Singida, na karibu zote zina kasoro ile ile ambayo sisi tuliowatangulia tulikuwa nayo, tukailipia kwa gharama kubwa, kisha hatukuwaachia maandishi yoyote ya kuwaonya. Mistari imepangwa vizuri, rangi zinapendeza, majina ya wahusika yapo na asilimia zinajijumlisha zenyewe. Hata hivyo, ukiuliza mabomba ya sehemu ya kusafishia mafuta yatakuwa na nini ndani yake siku moja baada ya jaribio la maji (kuyajaza maji na kuyapandisha shinikizo ili kuona kama yanavuja) kukamilika, hakuna mstari unaokujibu. Ratiba hizo zinahesabu kazi zilizofanyika, ilhali anayekwenda kuwasha kiwanda anahitaji kujua hali: mfumo huu umejaa au ni mtupu, ni mkavu au una unyevunyevu, umezibwa wapi, una umeme au hauna, na nani mwenye mamlaka ya kuugusa leo.

Mifano yangu mingi itatoka katika viwanda vya mafuta ya alizeti, kwa kuwa ndivyo ninavyovifahamu zaidi na ndivyo vinavyowahusu wengi wenu katika kanda hii ya kati. Aliye katika kiwanda cha mbolea, cha mvinyo au cha kuchenjua dhahabu atayatambua mengi. Nachukulia kwamba mnasoma michoro ya mabomba na vyombo vya kupimia bila msaada, mnajua tofauti ya kasoro za kundi A, B na C (za lazima kurekebishwa kabla ya majaribio, za lazima kabla ya kuwasha, na zinazoweza kusubiri), na mmekwisha kusaini vibali vya kazi vya kutosha, kwa hiyo sitayarudia hayo.

1. Anzeni na siku ya mwisho, kisha mrudi nyuma.

Mkandarasi wa ujenzi anajenga kwa eneo: jengo la boila, jengo la kukamulia, matangi, ghala. Ni sawa kwake, kwa sababu kreni yake na mafundi wake wanahama kwa eneo. Kiwanda hakiwashwi kwa eneo. Kinawashwa kwa mfumo, na mfumo mmoja unaweza kupita katika majengo manne. Taarifa kwamba jengo la boila limekamilika kwa asilimia 95 haina maana yoyote kwenu iwapo asilimia tano iliyobaki ni pampu ya kuingiza maji kwenye boila yenyewe.

Alizeti ya Dodoma na Singida huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai, na mwenye kiwanda atataka kupokea mbegu wakati mkulima anauza, si baada ya hapo. Basi wekeni tarehe hiyo ukutani na mrudi nyuma mkijiuliza kila mara ni nini lazima kitangulie. Kabla ya heksani, kiyeyusho kinachowaka upesi cha kutolea mafuta kwenye mbegu, kuingia ni lazima nitrojeni, gesi isiyowaka, iwe imeondoa hewa. Kabla ya nitrojeni, jaribio la uvujaji. Kabla ya hilo, kukausha. Kabla ya kukausha, kusafisha. Na kabla ya yote hayo, umeme, maji, hewa ya kompresa na mvuke viwe vimetulia. Kisha chukueni michoro na kalamu za rangi, mkate mipaka ya kila mfumo kwenye vali au flanji ambayo mtu anaweza kuifikia na kuifunga kwa mkono wake. Nimeona mipaka iliyokatwa pale karatasi ya mchoro ilipoishia, na siku ya kujaza maji watu wakazunguka bomba wakitafuta mahali pa kuliziba. Michoro hiyo iliyopakwa rangi mpeni mkandarasi mapema, akiwa bado na nafasi ya kubadilisha mpangilio wa kazi zake, kwa sababu akishaondoa kreni hatakusikilizeni.

Kijana mmoja mwenye bidii kubwa aliwahi kuniletea mpango wa kuzungusha mota zote za sehemu ya kukamulia ndani ya wiki moja, kwa kuwa zote zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye misingi yake na shafti zimelinganishwa. Laini ya umeme ya kilovolti 33 ilikuwa bado iko kwenye nguzo nje ya uzio, ikisubiri kukaguliwa. Nilikasirika, kisha nikaona kwamba hakuna aliyewahi kumweleza, tukakaa chini tukachora upya tangu nguzo ile ya nje hadi mota ya mwisho. Jioni mpango wake ulikuwa na mistari ishirini ambayo asubuhi hakuiona, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka kwa furaha. Leo ndiye ninayempa wahitimu wapya awafundishe.

2. Hesabuni maji kabla ya kuhesabu siku.

Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 150 na urefu wa kilomita moja linabeba takriban mita za ujazo 17.7 za maji, kiasi ambacho kiwanda chochote kinaweza kukipata. Ugumu uko kwenye kusafisha. Ili maji yabebe kutu, mchanga na takataka za kuchomelea, yanapaswa kwenda kwa kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, na katika bomba hilo hilo kasi hiyo inadai lita 35 kwa sekunde, yaani kama mita za ujazo 127 kwa saa. Ulizeni kisima cha kiwanda chenu kinatoa kiasi gani. Mkiona kwamba hakifiki hata robo, mtaelewa kwa nini ratiba inahitaji tangi la akiba, pampu ya muda, bomba la kurudishia maji lenye chujio, na mpangilio wa kutumia maji yale yale kwa mfumo wa pili na wa tatu, tangu ulio msafi zaidi hadi ulio mchafu zaidi. Andikeni pia maji yatamwagwa wapi na kwa kibali cha nani, kwa sababu mtaro wa mvua ulio nyuma ya kiwanda unaishia kwenye mashamba ya watu.

Halafu pelekeni sampuli maabara mkapime kloridi, chumvi inayokula stenlesi. Kwa mabomba ya stenlesi, maelekezo mengi ya kihandisi yanaweka kikomo cha miligramu 50 za kloridi kwa lita ya maji ya majaribio. Ulimi wa mtu huanza kuonja chumvi ya kloridi ikifika kati ya miligramu 200 na 300 kwa lita. Kila aliyekunywa chai iliyopikwa kwa maji ya kisima katika kanda hii anajua ladha ninayoizungumzia, na maji yenye ladha hiyo yamekwisha kupita kikomo cha stenlesi mara nne au zaidi.

3. Jaribio la maji haliishi shinikizo likishikilia. Linaishia bomba likiwa kavu.

Nitakaa hapa kwa muda mrefu, kwa sababu jambo hili nililisababisha mimi, katika kiwanda ambacho sitakitaja, na bado linaniuma.

Nilikuwa mhandisi wa mipango. Sehemu ya kusafishia mafuta ilikuwa na mabomba mengi ya stenlesi yaliyopita juu ya paa la chini, yakipigwa na jua tangu asubuhi. Tuliyajaza maji ya kisima, tukayapandisha hadi mara moja na nusu ya shinikizo la usanifu, geji zikatulia, mwakilishi wa mteja akazunguka kila kiungo kwa tochi, akasaini. Kila faili la jaribio likafungwa likiwa kamili. Katika ratiba yangu mstari wa jaribio la maji ukafika asilimia 100, na katika mkutano wa wiki nilipongezwa mbele ya watu.

Kazi iliyofuata kwenye mabomba hayo ilikuwa kuyasafisha kwa maji ya kasi, na pampu ya muda ya kazi hiyo ilikuwa bado njiani. Nikafikiri, na wakati ule niliona ni fikra ya busara, kwamba kuyamwaga maji yale na kuja kuyatafuta tena baada ya siku chache ni kuharibu mali katika mji ambao maji yana shida. Tukayaacha ndani. Pampu ikachelewa. Siku chache zikawa wiki, nayo ilikuwa miezi ya joto kali la mwisho wa kiangazi kabla mvua hazijaanza, na maji yale yalikaa yamelala, yenye chumvi, ya uvuguvugu, katika mabomba yaliyozibwa kila upande.

Kulikuwa na fundi mkuu wa mabomba, mzee wa Kongwa, mtu wa maneno machache. Katika mkutano mmoja aliinua mkono akauliza, "Mhandisi, yale maji bado yamo mle?" Nikamjibu kwamba utoaji wa maji ni sehemu ya kazi ya kusafisha, umo kwenye mstari wa timu inayofuata, tukaendelea na ajenda. Sikumjibu kwa ukali. Nilimjibu kwa adabu zote, na ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba sikuwa nimelisikia swali lake. Aliandika kitu kwenye daftari lake akanyamaza.

Tulipofungua hatimaye, maji yalitoka ya kahawia na yananuka kama tope la bwawani. Tukasafisha mabomba, tukayafunga tena bila kuyapuliza kwa hewa kavu, na katika sehemu za chini, pale bomba linaposhuka na kupanda, maji yakabaki. Ratiba yangu haikuwa na mstari wa kukausha. Msimamizi aliniuliza kama tumemaliza, nami nikasema tumemaliza, na kwa mujibu wa ratiba nilikuwa nasema kweli.

Msimu wa alizeti ulipokuwa umekaribia kabisa, tulifanya jaribio la uvujaji la mfumo mzima kwa hewa ya shinikizo dogo na povu la sabuni. Kijana aliyekuwa anapaka sabuni chini ya bomba moja aliita. Karibu na kiungo cha kuchomelea, upande wa chini kabisa, palikuwa na alama ndogo ya rangi ya kutu, na kwenye alama hiyo povu lilikuwa linachemka taratibu. Tundu lenyewe hata ncha ya sindano isingeingia. Tukadhani ni kasoro moja ya mchomeleaji. Mita chache mbele tukaona jingine, kisha jingine. Tulipokata kipande na kukipasua, tukakuta kwamba nyuma ya tundu lile dogo chuma kilikuwa kimeliwa na kuacha pango pana ndani ya unene wa bomba. Ndivyo maji ya chumvi yaliyotuama, pamoja na vijidudu vinavyostawi ndani yake, vinavyofanya kazi kwenye stenlesi: mdomo mdogo, tumbo kubwa. Hatukuweza kujua kwa macho ni mabomba gani mengine yalikuwa yameliwa karibu kutoboka, kwa hiyo yote yaliyokaa na maji yale yalikatwa, mabomba mapya yakaagizwa Dar es Salaam, na wachomeleaji waliokwisha kurudi makwao wakaitwa tena.

Mbegu zikaanza kufika. Wakulima walikuwa wameahidiwa kwamba kiwanda kitapokea msimu ule, na baadhi yao walikuwa wamelima ekari za ziada kwa ahadi hiyo. Magari yalisimama nje ya geti, kisha yakageuza, na mbegu zikauzwa kwa madalali kwa bei waliyoitaka madalali. Nilimwona mama mmoja akiwa amekaa juu ya magunia yake kwenye kivuli cha gari, akisubiri dereva aamue. Katika kikao cha uchunguzi kila faili lilifunguliwa, na kila saini ilikuwa halali. Mkandarasi alifanya kilichoandikwa, mteja alikagua kilichoandikwa, na timu ya kusafisha ilifanya kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi, nami niliacha nafasi kati ya mstari na mstari, na maji yakakaa katika nafasi hiyo.

Nilimfuata yule mzee karakana, nikamwomba radhi. Hakunilaumu. Alinifungulia daftari lake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo alikuwa ameandika kwa mkono kila sehemu ya chini ya kila bomba la jengo lile, na mbele yake kama ina vali ya kutolea maji au haina. Alikuwa ameianza orodha ile siku tulipojaza maji. Mpaka leo, orodha ya sehemu za chini ndiyo karatasi ya kwanza katika kila faili la jaribio linalopita mikononi mwangu.

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika ratiba: jaribio moja la maji lina mistari isiyopungua saba. Kupima maji yenyewe, kujaza huku hewa ikitolewa juu, kupandisha na kushikilia shinikizo, kushusha, kutoa maji katika kila sehemu ya chini, kupuliza kwa hewa kavu hadi unyevu uishe, kisha kufunga na kuandika jina la aliyekagua ndani. Kati ya kujaza na kukausha stenlesi mimi siruhusu zaidi ya siku tano. Kama kazi inayofuata imechelewa, bomba linakaushwa na kuisubiri likiwa kavu, hata kama itabidi lijazwe tena. Maji ya kujaza mara ya pili ni ya bei nafuu sana ukiyalinganisha na msimu mzima wa mkulima.

4. Kila kitu cha muda kiwe na namba, picha, na mstari wake wa kuondolewa: mabamba ya kuziba, vichujio vya muda mbele ya pampu, vipande vya bomba vilivyowekwa badala ya vali za udhibiti, nyaya zilizochomolewa wakati wa kupima insulesheni, na vali za usalama zilizozuiwa zisifunguke.

5. Uhaba wa maji usiwasukume kupima nguvu ya mabomba kwa hewa.

Kila mwaka kuna mtu anayeniletea pendekezo hili akiamini amegundua njia ya mkato. Maji hayasongeki, yaani hayabanwi kirahisi. Bomba lililojaa maji likipasuka, shinikizo linaanguka mara moja na watu wanalowana. Hewa inasongeka, na nishati inayojikusanya ndani yake kwa shinikizo na ujazo ule ule ni zaidi ya mara mia ya ile ya maji, kwa hiyo bomba au kifuniko kikiachia kinarushwa kama kombora. Jaribio la nguvu kwa hewa lipo katika viwango vya kihandisi, likiwa na shinikizo la chini kuliko la maji, eneo lililoondolewa watu, vali ya usalama iliyowekwa kwa ajili ya jaribio hilo tu, na upandishaji wa hatua kwa hatua. Linafanywa pale ambapo maji hayawezi kabisa kuingizwa. Upungufu wa boza la maji si sababu ya kutosha, na nikiikuta imeandikwa kama sababu katika kibali cha kazi ninakichana.

6. Kumbukeni mlipo.

Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama baa 0.89, wakati pwani ni baa 1.01, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Vijana wawili walikesha katika mnara wa kuondolea harufu ya mafuta wakitafuta mahali hewa inapoingia, kwa sababu geji ya ombwe ilikataa kufika baa hasi moja kama ilivyoandikwa kwenye maelekezo ya mtengenezaji. Walipaka sabuni, wakakaza flanji, wakabadilisha gasketi, na asubuhi niliwakuta macho mekundu na sindano bado iko pale pale karibu na hasi 0.89. Ombwe lao lilikuwa zuri kabisa, ila geji ile ilikuwa inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa yetu ya nje ni nyembamba. Niliwahurumia sana, na nikawapeleka kunywa chai. Mnara huo hufanya kazi kwenye milibaa chache tu, kwa hiyo pangeni jaribio lake kwa kipimo kinachoanzia sifuri halisi, mfunge vali za kuelekea pampu za ombwe, na muandike shinikizo linapanda kiasi gani kwa saa.

Mwinuko huo unagusa pia mota, kwa sababu viwango vya kimataifa vya mota vinahesabu upoaji wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Unagusa kompresa na jenereta za dizeli, ambazo zinavuta hewa pungufu kwa kila mzunguko, na pampu zinazovuta maji ya moto. Yasomeni haya kwenye vibao vya mashine kabla ya kuandika viwango vya kupita na kufeli.

7. Taasisi zina kalenda zake.

Boila na vyombo vya shinikizo vinapaswa kukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, na mizani ya magari ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Ombeni mapema, na siku ya ukaguzi chombo kiwe wazi, kisafi na baridi. Kukausha matofali ya kuhimili moto ya boila kunafuata mchoro wa joto wa mtengenezaji, saa kwa saa, na hakuna mkubwa yeyote mwenye ruhusa ya kuuharakisha.

8. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unabeba vumbi jepesi linaloingia kila tundu la kebo, na kati ya Desemba na Aprili mvua inaingia matundu hayo hayo. Zibeni kila paneli siku ile ile kebo inapoingizwa.

9. Heksani.

Hapa naomba mnivumilie nikiwa mkali. Heksani inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna saa yoyote ya usiku wa Julai hapa kwetu ambayo ubaridi utakulindeni. Mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa, hauonekani, na unatambaa chini hadi kwenye mitaro ya kebo na mashimo ya maji machafu. Ukifika kama asilimia 1.1 ya hewa unaweza kulipuka.

Wengi wenu mnaandika mstari mmoja tu, "kuingiza nitrojeni", tena siku moja kabla. Fanyeni hesabu. Chombo cha kutolea mafuta kwa heksani chenye mita za ujazo 60, mkikipitishia nitrojeni mara tatu ya ujazo wake, kinataka mita za ujazo 180. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa baa 200 unatoa karibu mita za ujazo 10 tu. Hiyo ni mitungi karibu 20 kwa chombo kimoja, bado hamjagusa kondensa, mabomba na matangi. Kama mitungi inatoka Dar es Salaam, ni safari ya barabara ya kilomita 450 hivi, pamoja na muda wa msambazaji kukusanya mitungi yenyewe. Agizo hilo linapaswa kuwa kwenye ratiba wakati bado mnapaka rangi michoro.

Pimeni oksijeni katika ncha za mbali kabisa, kwenye matundu ya juu na sehemu za chini. Kuipima karibu na mlango wa nitrojeni kutawapa namba nzuri ya uongo. Sisi hatupokei heksani hadi kila ncha isome chini ya asilimia 8, mara mbili mfululizo, kati yake pakiwa na muda wa kutulia. Na kabla ya lori la heksani kuvuka geti, ratiba iwe na mstari ulioandikwa "mwisho wa kuchomelea na kukata katika eneo la heksani", wenye tarehe na saini ya mkandarasi. Kasoro zote za kundi A na B zinazohitaji moto ziwe zimekwisha kabla ya mstari huo. Kijana mmoja aliniambia kwamba kishikizo kimoja cha ngazi kimebaki, ni dakika kumi tu za kuchomelea. Nilimjibu kwamba kishikizo hicho kitafungwa kwa nati, au ngazi ile haitatumika.

10. Waendeshaji waingie mapema.

Watu watakaoendesha kiwanda kwa zamu, wengi wao waliotoka vyuo vya ufundi vya VETA na wanaotoka vijiji vya jirani, wasiletwe siku ya kuwasha wakapewa funguo. Wawekeni kwenye timu tangu kusafisha mabomba, wao ndio wafungue na kufunga vali, wao ndio wafuate bomba kwa mkono kutoka pampu hadi tangi wakiwa na mchoro. Mtu aliyewahi kutoa maji machafu kwenye sehemu ya chini ya bomba hatasahau kwamba sehemu hiyo ipo, na usiku ambao mhandisi amelala ndiye atakayejua pa kwenda. Wengine watawauliza maswali mtakayoona ni ya kitoto. Yaandikeni, kisha mwende kwenye bomba mkaangalie kabla ya kuyajibu.

Katika ratiba, jina la mwendeshaji wa zamu liwekwe pamoja na la mhandisi kwenye mistari ya kutoa maji, kukausha, na kuondoa vitu vya muda, na wote wawili wasaini wakiwa wamesimama kwenye vali ya chini kabisa ya mfumo huo, ikiwa wazi.